Ukuta, king'ora au miguu: mtu wa ufukweni achague nini, kwa kuitazama Japani ya 2011

Mwalimu mmoja wa shule iliyo jirani na bahari alinipigia simu jioni. "Kaka, kamati imepata vijisenti vya usalama wa watoto. Nusu ya wajumbe wanataka king'ora, nusu wanataka tuinue ukuta wa upande wa baharini. Wewe unayefuatilia mambo ya tsunami, tufanyeje?" Nilimwomba wiki moja. Jibu lilirefuka, na kwa kuwa swali lake wanalo wengi, wenye shule, wenye hoteli, hata aliyejenga kiwanja cha pili kutoka ufukweni, naliweka hapa wote walione.

Mfano wangu ni Japani, kwa sababu kule kila aina ya kinga ilikuwepo siku moja, kwenye pwani moja, na zote zikajaribiwa kwa pamoja. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za huko, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea chini ya bahari mashariki ya eneo la Tohoku. Ghuba za karibu zilifikiwa na wimbi baada ya kama nusu saa. Waliokufa pamoja na wasiopatikana hadi leo wanazidi 18,000, na hiyo ni nchi ambayo watoto wake hufanya mazoezi ya tetemeko tangu chekechea.

Kipimo changu ni dakika. Wimbi likishaanzishwa, mtu hana kingine cha kutumia isipokuwa muda wake. Kwa hiyo kila kinga niliiuliza maswali mawili: inakupa dakika ngapi, na inaweza kukunyang'anya ngapi? Swali la pili ndilo wauzaji wa vifaa hawalitaji.

Ukuta: Taro na Fudai

Taro ni kitongoji cha mji wa Miyako, mkoa wa Iwate. Tsunami ya 1896 iliua watu 1,859 pale. Ile ya 1933 ikaua 911. Mwaka uliofuata wakaanza kujenga ukuta, vita vikaukatiza, ukaendelezwa, na kufikia miaka ya 1970 mwishoni ulikuwa na kimo cha mita 10 na urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Wenyewe waliufananisha na Ukuta Mkuu wa China. Mei 1960 tsunami iliyotoka Chile ilipita Taro bila kuua mtu, na sifa za ukuta zikaenea hadi wageni wakawa wanakuja kuutazama.

Mwaka 2011 maji yaliupanda na kuumwagikia mji kwa ndani. Kipande kimoja kilivunjika kabisa. Walikufa watu wapatao 180.

Jambo moja la Taro linanisumbua kuliko idadi hiyo. Nyuma ya ukuta wa mita 10 huioni bahari. Aliyekuwa sebuleni hakuyaona maji yakirudi nyuma wala yakiinuka. Aliyaona yalipokuwa tayari yanavuka ukingo juu ya paa za majirani. Ukuta ulimlinda kwa mawimbi madogo ya miaka hamsini, na siku ya wimbi kubwa ukamziba macho.

Kaskazini ya hapo, mkoa huohuo, kuna kijiji cha Fudai, chenye watu kama 3,000. Mkuu wake, Kotoku Wamura, aliyekaa madarakani miongo kadhaa baada ya vita, alikuwa ameona kwa macho yake maiti zikifukuliwa kwenye vifusi mwaka 1933. Aling'ang'ania lango la maji la mita 15.5, kwa sababu wazee walisema wimbi la 1896 lilifika mita 15. Gharama zilikuwa yeni bilioni 3.56, na wapo waliomwona anapoteza fedha za umma. Lango likakamilika mwaka 1984, yeye akafariki mwaka 1997. Siku ya wimbi, kidude cha kulifunga kutoka mbali kilikwama upande mmoja, zimamoto wakaenda wenyewe kukiamsha kwa mikono. Maji yalipita juu kidogo, lakini nguvu yake ilikuwa imekwisha. Ndani ya kijiji hakufa mtu. Aliyepotea alikuwa mmoja, aliyekwenda bandarini kutazama mashua yake. Wanakijiji sasa huenda kwenye kaburi la Wamura kumshukuru.

Ukizilinganisha juujuu utasema tofauti ni mita tano na nusu. Mimi naona ardhi ndiyo iliyoamua. Fudai imo kwenye bonde jembamba: kuziba mdomo wake kulihitaji kizuizi cha mita 205 tu, kwa hiyo fedha zote zikaenda kwenye kimo. Taro iko wazi, na ukuta wake ulilazimika kutandazwa kilomita baada ya kilomita. Kama pwani yako ni tambarare ndefu, ndugu, wewe ni Taro.

Mfano wa tatu haukai upande wowote. Mdomoni mwa ghuba ya Kamaishi palikuwa na boma la kuvunja mawimbi lililosimama kwenye kina cha mita 63. Lilijengwa miaka thelathini, likamalizika 2009, na likatambuliwa duniani kwa kina chake. Miaka miwili baadaye likabomolewa. Watafiti wa bandari walipopiga hesabu walisema hata hivyo lilipunguza kimo cha wimbi na kulichelewesha, kutoka dakika 28 hadi 34. Dakika sita, kwa zaidi ya yeni bilioni 100. Dakika sita zinatosha kumpandisha bibi kilimani, ikiwa ameshatoka nyumbani. Kamaishi wengi walikuwa hawajatoka, na mji ulipoteza watu wapatao elfu moja.

Ukuta wa shule alioniuliza mwalimu, wa tofali na wa kimo cha mtu, haumo kabisa kwenye hesabu hii. Ni wa kuzuia mbuzi.

Onyo: king'ora, simu na ardhi yenyewe

Idara ya hali ya hewa ya Japani ilitoa onyo la tsunami dakika tatu baada ya tetemeko. Kwa mwendo huo hakuna wa kuwalaumu. Kosa lilikuwa kwenye tarakimu. Vipimo vya kwanza vilisoma tetemeko kuwa 7.9, na kwa hesabu hiyo onyo likataja mita 6 kwa Miyagi na mita 3 kwa Iwate na Fukushima. Sasa jiweke mahali pa mtu wa Iwate: ukuta wako ni mita 10, redio inasema mita 3. Ungepanda mlima, au ungeanza kuokota sahani zilizovunjika? Karibu nusu saa baadaye onyo lilianza kupandishwa, na kwa Iwate likafika mita 10 na zaidi kama dakika 45 baada ya tetemeko, lakini umeme ulikuwa umekatika sehemu nyingi na televisheni zimezima. Wengi walikufa wakiwa na ile mita 3 ya kwanza kichwani.

Mwaka 2013 idara hiyo ilibadilisha utaratibu. Tetemeko likiwa kubwa mno kupimika kwa haraka, taarifa ya kwanza haitaji mita tena, inatumia neno lenye maana ya "kubwa mno". Watangazaji nao wakabadilika. Januari 1, 2024, peninsula ya Noto ilipotikisika, mtangazaji wa kike wa shirika la utangazaji la NHK alipaza sauti kama mama anayemfokea mtoto aliye barabarani: kimbieni, sasa hivi. Kabla ya 2011 taarifa kama hizo zilisomwa kwa upole, na upole humwambia msikilizaji kwamba mambo si mabaya.

Vipaza sauti vya mtaani viliokoa watu, hilo nisilifiche. Katika mji wa Minamisanriku mfanyakazi kijana wa halmashauri alibaki kwenye kipaza sauti akiwaambia watu wapande juu, hadi maji yakalifikia jengo alilokuwemo. Walionusurika walisema ni sauti yake iliyowatoa nyumbani. Yeye alikufa.

Upande wa pili kuna onyo lisilo na betri: mtikisiko. Kule Tohoku ardhi ilitikisika dakika kadhaa mfululizo, na mtu wa pwani hakuhitaji taarifa nyingine. Kisiwa cha Simeulue, karibu na Sumatra, walifanya hivyo Desemba 26, 2004. Wazee wao waliiona tsunami ya 1907 wakaacha neno, *smong*, na maelekezo yake: ardhi ikitikisika sana na bahari ikakauka, pandeni mlimani. Wimbi liliwafikia dakika chache baada ya tetemeko, hakuna king'ora ambacho kingewahi. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, wakafa saba.

Je, basi tuachane na king'ora tuisikilize ardhi? Hapa ndipo mtu wa pwani yetu anaweza kuiga vibaya. Kulekule Tohoku, Juni 1896, mtikisiko uliosikika ulikuwa hafifu, watu hawakushtuka, wakafa kama 22,000. Mei 1960 Japani haikutikisika kabisa, kwa sababu tetemeko lilikuwa Chile, ng'ambo ya Pasifiki, na wimbi likafika karibu siku nzima baadaye na kuua 142. Sisi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam hali yetu kwa Sumatra ni kama ya Japani kwa Chile. Siku ile ya 2004 hakuna aliyesikia ardhi ikitikisika kwetu. Wimbi lilisafiri saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, na televisheni zilikuwa zimeshaanza kuonyesha maafa ya Asia kabla halijafika Somalia, ambako hata hivyo liliua karibu watu 300. Tanzania walikufa zaidi ya kumi, wengine wakiwa wanaogelea. Kenya alikufa mmoja, na fukwe za Mombasa ziliokolewa na jambo la kawaida kabisa: habari ziliwafikia wahusika mapema, polisi wakawatoa watu majini.

Kwa hiyo kwenye kipengele hiki uchaguzi unategemea wimbi lako linatoka wapi. La karibu, fuata ardhi. La mbali, unahitaji mnyororo wa watu: kituo cha onyo, mamlaka ya hali ya hewa, redio, mwenyekiti wa mtaa, hadi kwa yule mama aliyeinama mwambani akichokoa pweza na simu ameiacha nyumbani. Mfumo wa onyo wa Bahari ya Hindi uliundwa baada ya 2004 na unafanya kazi. Kinachoweza kukatika ni pete ya mwisho ya mnyororo, na hiyo haiuzwi dukani. Ni kijana mwenye firimbi na baiskeli anayejua kwamba hiyo ni kazi yake.

Ndugu walioko Muscat na Sur, kule Oman, wasijihesabu pamoja nasi hapa. Wao wana jirani ufa wa Makran, ulio chini ya bahari mbele ya pwani ya Iran na Pakistan, uliozaa tsunami Novemba 1945, na muda wao utakuwa mfupi kuliko wetu.

Dalili moja inatuhusu wote, na sisi tuna bahati kwamba macho yetu yameshazoea: kupwa na kujaa. Mtoto wa pwani anajua maji ya leo yanakupwa saa ngapi. Bahari ikikupwa nje ya saa yake, ikaacha mwamba mtupu na samaki wakirukaruka, hapo si mahali pa kukimbilia na kikapu.

Pa kukimbilia: ghorofa au kilima

Minamisanriku ina majengo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni ofisi ya kukabiliana na maafa, ghorofa tatu, kimo cha mita 12 hivi, ndimo kilimokuwa kile kipaza sauti. Wafanyakazi wa mji walipanda paani. Maji yakalifunika paa. Walikufa 43, wakapona wachache walioshikilia mlingoti wa antena na vyuma vya ngazi. Mifupa yake ya chuma chekundu bado imesimama. Jengo la pili ni Takano Kaikan, ukumbi wa harusi na sherehe karibu zaidi na bahari. Siku hiyo wazee walikuwa na onyesho la sanaa. Tetemeko lilipotulia wengi walitaka kuondoka, wafanyakazi wakawazuia ngazini na kuwapandisha juu. Watu 327 walilala paani kwenye baridi, wakapona wote.

Kilichowatenga ni mita chache za kimo cha paa, na ujuzi wa wenye ukumbi kwamba jengo lao ni imara na kwamba wazee wale wasingefika kilimani kwa wakati. Ghorofa ni chaguo la asiye na kilima, au la asiyeweza kukifikia. Ubaya wake ni kwamba ukishapanda hakuna pa kuongeza. Kilimani, maji yakikufuata, unapiga hatua nyingine.

Jengo la tatu ndilo ninalotaka wanakamati walikumbuke. Kata ya Unosumai, Kamaishi, kulikuwa na kituo cha kuzuia maafa, kipya, cha ghorofa mbili, jina lake likiwa hilohilo la kuzuia maafa. Hakikuwa kimepangwa kuwa kimbilio la tsunami. Kimbilio rasmi lilikuwa juu, kwa kupanda. Lakini wazee walilalamika mlima ni mbali, waliohudhuria mazoezi wakawa wachache, basi mazoezi yakahamishiwa kituoni ili watu wajitokeze. Mapema mwezi uleule wa Machi walifanya zoezi humo. Tarehe 11 wakakimbilia walikozoea. Inakadiriwa kwamba zaidi ya 160 walikufa ndani yake.

Walifanya mazoezi, na mazoezi yakawapeleka kwenye maji. Zoezi la kuwafurahisha wahudhuriaji ni baya kuliko kutokuwa na zoezi, kwa sababu mwili huenda ulikofundishwa.

Mazoezi: shule mbili, ramani mbili zinazofanana

Mwendo wa dakika chache kutoka kituo hicho kulikuwa na shule ya sekondari ya Kamaishi Mashariki na shule ya msingi ya Unosumai, ubavu kwa ubavu. Kusini, mkoa wa Miyagi, kando ya mto Kitakami na karibu kilomita nne kutoka baharini, kulikuwa na shule ya msingi ya Okawa. Ramani za hatari zilionyesha kwamba maji ya tsunami hayafiki kwenye shule hizi, ya huku wala ya kule. Wimbi lilizifikia zote.

Unosumai, profesa Toshitaka Katada wa Chuo Kikuu cha Gunma alikuwa amewafundisha watoto kwa miaka kadhaa mambo matatu: usiiamini ramani, fanya kadiri ya uwezo wako, na uwe wa kwanza kukimbia. Hilo la tatu ni la akili sana. Mtu mzima huona haya kuwa wa kwanza kukimbia, asije akachekwa. Akimwona mwingine anakimbia, haya inamtoka. Wanafunzi wa sekondari walitoka mbio mtikisiko ulipotulia. Wale wa msingi walikuwa wameanza kupandishwa ghorofa ya tatu, wakawaona kaka na dada zao wanapita wakipiga kelele, nao wakashuka na kuwafuata. Wakubwa wakawashika wadogo mikono. Walifika kimbilio la kwanza, wakaona mwamba nyuma yake unameguka, wakasonga hadi la pili. Kutoka hapo waliliona wimbi likiumeza mji, wakapanda tena. Maji yaliyafikia majengo yote mawili ya shule. Katika watoto karibu 3,000 wa shule za msingi na sekondari za Kamaishi, walikufa watano, na wote watano hawakuwa shuleni saa ile. Magazeti yaliita muujiza. Watoto wenyewe hawakulipenda neno hilo, kwani walikuwa wamelifanyia mazoezi.

Okawa palikuwa na kilima nyuma ya uwanja, mteremko ambao watoto walishapanda kwenye somo la kuotesha uyoga. Mwongozo wa shule kuhusu tsunami ulisema wakimbilie uwanja mtupu au bustani. Uwanja upi, haukusema. Walimu waliwapanga watoto uwanjani, wakawahesabu, wazazi wengine wakaja kuwachukua watoto wao, redio ikasema, gari la halmashauri likapita likitangaza, mjadala ukaendelea: kilimani miti inaweza kuanguka, tusubiri, twende pale darajani palipoinuka kidogo. Zilipita dakika hamsini hivi. Mwishowe walianza kutembea kuelekea darajani, yaani mtoni, na maji yakawakuta. Walikufa watoto 74 kati ya 108 walioandikishwa, na walimu 10.

Hawakukosa onyo, kilima wala muda. Walikosa uamuzi uliokwisha kufanywa siku ya kawaida, na watu wazima kumi na moja wakalazimika kuufanya kwa mara ya kwanza huku ardhi ikiendelea kutikisika. Familia zilikwenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Sendai ilisema kosa lilitangulia siku ya maafa: shule na mamlaka zake hazikuwa zimepanga mahali mahususi pa kukimbilia. Mahakama ya juu iliiacha hukumu hiyo isimame mwaka 2019.

Mzazi wa Kiswahili atauliza: na mimi, nisimkimbilie mwanangu? Pwani ya Sanriku, hiyohiyo ya Tohoku, wana msemo, *tendenko*, maana yake kila mtu akimbie kivyake. Ukiusikia mara ya kwanza unaona ubinafsi mtupu. Lakini ulizaliwa baada ya familia nzima nzima kufa zikitafutana. Katada aliugeuza ukawa mapatano: mtoto amwambie mama, "Mimi nitakimbia, usinifuate, nawe kimbia." Mama akiamini kwamba mtoto amekwenda, ataweza kupanda mlima. Asipoamini, atateremka kumfuata, hata umfanyie semina kumi.

Kukaa juu tangu mwanzo

Chaguo hili ni la anayejenga leo, aliyekwisha jenga hawezi kulifuata kwa urahisi, kwa hiyo sitalikalia sana. Aneyoshi, kijiji kidogo cha Miyako, kina jiwe lililosimikwa baada ya 1933 likiagiza nyumba zisijengwe chini ya hapo. Wakatii vizazi vyote. Mwaka 2011 maji yalikwea bonde lao na kuishia chini ya jiwe, na nyumba zote zikabaki.

Ukiwa na mtambo, hospitali au hata jenereta, tazama vinu viwili vya nyuklia. Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, lakini mhandisi Yanosuke Hirai alikuwa ameshikilia kijengwe mita 14.8 juu ya bahari. Wimbi la mita 13 halikukizamisha, na wanakijiji waliopoteza nyumba wakapata hifadhi kwenye ukumbi wake wa michezo. Fukushima Daiichi walikuwa wamechonga mwamba wa mita 35 kuushusha hadi mita 10, na jenereta nyingi za dharura wakaziweka chini. Wimbi lilikuja la mita 14 au 15. Hospitali ngapi za pwani zimeweka jenereta kwenye chumba cha chini kwa sababu hapo haipigi kelele?

Ningechagua nini

Mwenye hoteli ya ghorofa nne au tano ufukweni: paa lako ndilo kimbilio la wageni na la majirani. Lipime uimara, na mlango wa paani usiwe na kufuli. Gharama yako kubwa itakuwa mhandisi mmoja kwa siku chache.

Serikali ya mtaa kwenye tambarare isiyo na kilima: fedha za ukuta ziache. Tafuta majengo marefu, andikianeni na wenyewe, na weka watu wa zamu kwenye mnyororo wa onyo. King'ora kinunuliwe baada ya hapo, na kiwe na betri, maana umeme utakatika.

Shule ya mwalimu wangu ina mwinuko nyuma, mbali kidogo. Nilimjibu kwamba king'ora na ukuta vyote visubiri. Achague sehemu moja mahususi juu na nyingine juu zaidi, aiandike kwa jina wanaloliita watoto, kisha awatembeze darasa la kwanza hadi la saba akiwa na saa mkononi. Kinachohesabika ni dakika za mtoto wa mwisho kufika. Fedha zikibaki, wafyeke njia na kuweka ngazi mahali penye utelezi. Na zoezi lisihamishiwe ukumbini hata siku moja, mvua inyeshe au mgeni rasmi aje.

Alinipigia tena baada ya wiki mbili. Walijaribu, watoto wakapanga mistari, kengele ikagongwa, wakaelekea lango la nyuma linalotokea njia ya mwinukoni. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Ufunguo anao mlinzi," akasema.

"Na mlinzi alikuwa wapi?"

"Saa saba huwa anakwenda kula kwake, kaka. Ng'ambo ya barabara, upande wa baharini."